Tovuti iliyowakumbuka wageni kwa faida ya wengine: kisa cha nyumba moja ya Jambiani

Nyumba yenyewe ina vyumba sita, iko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar, na mwenye mali ni mama mtu mzima aliyeijenga chumba kimoja kimoja kwa akiba ya mwani na duka la kanga. Miaka yote wageni wake waliletwa na majukwaa makubwa ya kuhifadhi vyumba, ambayo kamisheni yake ya kawaida ni kama asilimia 15 ya bei. Akapiga hesabu, akaona tovuti yake mwenyewe itajilipa kwa wageni wachache tu watakaokuja moja kwa moja. Kijana mmoja wa mjini, fundi wa tovuti, akamtengenezea kwa bei ya kusaidiana: picha nzuri, lugha tatu (Kiingereza, Kijerumani na Kitaliano), bei kwa euro, na fomu ya kufanya bukingi papo hapo.

Msimu ukapita na ile fomu haikuleta kitu cha maana. Waliokuja moja kwa moja walikuja kwa WhatsApp, na kadhaa kati yao walianza ujumbe wao kwa kusema kuwa wamejaribu kuhifadhi chumba kwenye tovuti wakashindwa. Mama alidhani ni watu wasiojua kutumia. Kisha ikaja barua pepe ya mgeni kutoka Ujerumani, ya adabu kabisa, yenye mambo mawili. La kwanza, ukurasa ulianza kuwasiliana na seva (kompyuta zinazohifadhi na kutoa kurasa) nyingi za nje kabla yeye hajabonyeza chochote. La pili, tangu siku aliyotazama vyumba vya Jambiani, kila akifungua mtandao wake wa kijamii anakutana na tangazo la hoteli moja ya Nungwi, kaskazini ya Unguja, hiyo hiyo kila siku. Akauliza kama hoteli ile na nyumba hii ni za mtu mmoja.

Mama hajawahi kukanyaga hoteli hiyo. Akanipigia simu: "Mwanangu, huyu mgeni ni kama anasema nimewauza wageni wangu. Nimemuuzia nani?"

Swali lake lilistahili jibu la uhakika, na jibu lilikuwamo ndani ya tovuti yenyewe. Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sababu nyumba kama yake ni nyingi kutoka Makunduchi mpaka Matemwe, na Pemba nazo zinaanza kuongezeka.

Kwanza tuweke msingi. Mfumo unaosafirisha kurasa za intaneti haukuumbwa na kumbukumbu. Kila ukurasa unaoombwa, seva inauona kama ombi la mtu mpya, mithili ya muuza duka anayesahau sura ya mteja kila anapogeuka kuchukua kitu rafuni. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni njia ya kuziba pengo hilo: seva inampa mgeni kikaratasi chenye namba, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kinakihifadhi, na kila kinaporudi kwa seva ile ile kinakionyesha. Hiyo ndiyo kuki. Ni maandishi mafupi tu, yasiyozidi herufi elfu nne hivi. Haiwezi kufanya kazi yoyote yenyewe, na bila ya hiyo hakuna kikapu cha manunuzi wala akaunti inayobaki wazi unapohama ukurasa.

Skripti, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya ukurasa, ni jambo jengine. JavaScript, lugha ya kuandikia skripti hizo, ilizaliwa hapo hapo Netscape mwaka 1995, na yenyewe inatenda: inasoma ukurasa, inaandika kuki, inafuatilia kidole kinapogusa, inatuma taarifa kokote ilikoelekezwa. Na kivinjari hakiibagui skripti kwa asili yake. Ikiitwa ndani ya ukurasa wako kutoka seva ya kampuni iliyo Marekani, inaendeshwa kwa mamlaka ya ukurasa wako, inasoma unachoweza kusoma wewe. Wenye tovuti wengi hawaambiwi hili. Mistari miwili ya maandishi ya programu iliyobandikwa chini ya ukurasa inatosha kumfanya mtu wa nje awe mwenyeji.

Tukaifungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kompyuta, tukabonyeza F12, tukaingia sehemu inayoorodhesha mawasiliano ya ukurasa. Kazi hii haihitaji utaalamu wowote. Kabla hatujagusa kitu, kivinjari kilikuwa kimeshaita seva zaidi ya kumi zisizo za mama: takwimu, pikseli (skripti ya matangazo) ya mtandao mkubwa wa kijamii, kidude cha mazungumzo cha pembeni, ramani, fonti (maumbo ya herufi), video, na huduma ya kurekodi nyendo za mgeni kwenye ukurasa. Chini palikuwa na utepe wa kuomba ridhaa, wenye kitufe kimoja tu kilichoandikwa "Sawa". Ukibonyeza au usibonyeze, kila kitu kilikuwa kimeshaingia. Mgeni wa Ujerumani alisema kweli tupu katika jambo lake la kwanza.

La pili likatuchukua muda zaidi, na ndilo lililonishughulisha kuliko yote.

Pikseli ya matangazo hufanya kazi hivi. Kila mwenye biashara anayefungua akaunti ya matangazo hupewa namba. Namba hiyo hubandikwa kwenye tovuti yake pamoja na skripti ya mtandao husika. Mgeni akifika, skripti inaripoti: mtu huyu ametazama ukurasa huu, saa hii, kwa ajili ya akaunti yenye namba hii. Mtandao, ukimtambua mtu kwa kuki yake mwenyewe iliyomo kwenye kivinjari, unamwingiza kwenye orodha ya "waliotembelea tovuti yangu". Kisha mwenye akaunti anaweza kulipia tangazo liwafuate watu wa orodha hiyo peke yao, na wapo wanaowaweka humo hadi siku 180. Haoni majina yao, lakini tangazo linawafikia.

Nikamwomba mama namba ya akaunti yake ya matangazo. Hana akaunti. Hajawahi kulipia tangazo hata moja. Sasa namba iliyomo kwenye tovuti yake ni ya nani?

Fundi alipoitwa alikuja bila kusita, na kwa hilo namheshimu. Alitazama ile namba, akafungua kazi zake za zamani, akanyamaza kidogo. Kabla ya nyumba hii aliwahi kuitengenezea tovuti hoteli moja ya Nungwi. Alipoanza kazi ya Jambiani hakuanza na karatasi tupu. Alinakili ile ya zamani, akabadilisha rangi, picha na maneno. Sehemu ya chini ya ukurasa, mahali pasipoonekana, ilikuja nzima nzima pamoja na pikseli ya Nungwi.

Kwa hiyo kila mtu aliyetazama vyumba vya Jambiani aliandikwa kuwa mgeni wa Nungwi. Hoteli ile, kwa nia safi kabisa, ililipia tangazo la kuwakumbusha "wageni wake", na tangazo likawafuata wageni wa mama. Hapakuwa na mwizi katika kisa hiki. Hoteli ilikuwa inashangaa kwa nini orodha yake ni kubwa kuliko watu wanaoitembelea. Fundi alikuwa anaokoa muda. Na mama alikuwa analipia kila mwaka seva ya tovuti iliyopeleka watu wake kaskazini.

Mgeni yule alitumia kompyuta yenye Chrome, kivinjari cha Google, na hilo lina maana yake. Katika Chrome, kuki za watu wa nje, yaani zinazotoka kwa seva isiyo ya tovuti uliyoifungua, zinaruhusiwa kwa kawaida mpaka leo. Google ilitangaza Januari 2020 kuwa itaziondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikasema haitaziondoa tena. Safari, kivinjari cha Apple, ilizifungia zote tangu Machi 2020. Kivinjari cha Firefox, tangu 2022, humtengea kila mwenye tovuti chungu chake ili kuki ya huku isisomeke kule.

Na hapo kwenye Safari ndipo ulipofichika ugonjwa mwengine wa tovuti hii, ule wa fomu.

Fomu ya bukingi haikuwa ya tovuti. Ilikuwa ya kampuni ya nje inayouza mfumo wa kuhifadhi vyumba, na fundi aliipachika ndani ya ukurasa kama dirisha lililokatwa ukutani. Mgeni anaona ukurasa mmoja, lakini kivinjari kinaona tovuti mbili. Mgeni anachagua tarehe, mfumo unampa kuki ya kikao ili hatua ya pili imkumbuke, na kwa vile mfumo uko chini ya jina jengine, kuki hiyo inahesabiwa kuwa ya mtu wa nje. Chrome inaipokea. Safari inaikataa. Mgeni mwenye iPhone anachagua tarehe, anachagua chumba, anabonyeza kuendelea, anarudishwa mwanzo na kuambiwa kikao chake kimekwisha. Anajaribu tena, yale yale. Kubadili kivinjari ndani ya iPhone hakukumsaidia, maana vivinjari vyengine vya simu hizo navyo huendeshwa na injini ile ile ya Apple.

Kwa nini mama na fundi hawakuliona? Kwa sababu simu zote za nyumba ile, za wafanyakazi, za watoto na ya fundi mwenyewe, ni za Android. Kila walipojaribu, fomu ilikubali. Wageni wao wa Ulaya wanashika iPhone kwa wingi. Tulipoazima moja kwa jirani, kosa lilijionyesha pale pale.

Palikuwa na dosari ya tatu, ndogo, na inasemea mengi. Mgeni akichagua Kijerumani, baada ya kurasa mbili tatu tovuti inarudi Kiingereza. Sababu: kuki ya lugha iliwekwa kwenye anwani yenye "www" mbele, bila kuainishwa kuwa ni ya tovuti nzima, na viungo kadhaa vya menyu vilikwenda kwenye anwani isiyo na "www". Kuki ya namna hiyo hurudishwa kwa anwani ile ile iliyoitoa tu. Kwa hiyo kivinjari kilikuwa sahihi, na tovuti ikamsahau mgeni wake.

Ukiziweka dosari hizi pamoja unaona picha inayokera. Kuki za kumhudumia mgeni, yaani ya lugha na ya kikao cha bukingi, zote mbili zilikuwa zimevunjika. Kuki na skripti za kumfuatilia zilikuwa zinafanya kazi barabara, usiku na mchana. Na hali hii si bahati mbaya ya Jambiani peke yake. Pikseli hutengenezwa na kampuni tajiri zenye wahandisi wa kuhakikisha kuwa inafanya kazi popote inapobandikwa, na kwa kunakili tu. Kuki ya lugha ya nyumba ya vyumba sita inamtegemea kijana mmoja aliyelipwa mara moja.

Nirudi kwenye ile huduma ya kurekodi nyendo, maana hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Ilikuja na templeti, yaani muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari. Hata fundi hakujua kuwa imewashwa. Skripti za aina hii hurekodi mwendo wa kidole au panya na, zisipodhibitiwa, hata herufi zinazoandikwa kwenye visanduku, ili mwenye tovuti aje atazame kama sinema. Novemba 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kuwa rekodi za namna hii kwenye tovuti kubwa zilikuwa zikichukua mpaka taarifa za afya, kadi za benki na maneno ya siri bila watu kujua. Sasa tovuti ya mama, mbali na fomu ya bukingi, ilikuwa na fomu ya kuombea gari la kumpokea mgeni uwanja wa ndege, na fomu hiyo iliuliza jina kamili, ndege, na namba ya pasipoti. Namba ya pasipoti kwa ajili ya gari! Kisanduku hicho kilinakiliwa nacho kutoka kwengine. Hakikuwa kimefichwa kwenye rekodi.

Hili tuliliondoa siku ile ile, kabla ya kuzungumza jambo jengine lolote. Pasipoti inaandikwa mgeni akishafika mapokezini, kwenye daftari lililo mikononi mwa mwenye nyumba.

Upande wa sheria nilitaka mama aujue bila ya kutishwa. Kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 25, 2018, haiishii kwa kampuni zilizoko Ulaya. Inamgusa pia mtu wa nje anayewauzia huduma watu walioko huko au anayefuatilia nyendo zao, na lugha na sarafu ya tovuti ni miongoni mwa dalili zinazotazamwa. Tovuti yenye Kijerumani, Kitaliano na bei za euro haiwezi kusema haikuwakusudia. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019 kuwa kisanduku kilichokwishatikiwa hakihesabiki kuwa ni ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa kuki kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Mwezi huo huo mahakama ya Munich iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni euro 100, kwa kuwa fonti zilizoitwa kutoka seva za Google zilipeleka huko anwani yake ya IP (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) bila ridhaa. Faini za mamilioni hazitafika Jambiani, lakini hukumu ya fonti ilihusu kosa ambalo lilikuwa kwenye ukurasa wa mama neno kwa neno.

Nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake. Kwa Zanzibar sheria hiyo imefungwa kwenye mambo ya Muungano, na utalii si jambo la Muungano. Nimesikia watu wakilitumia hilo kama kinga. Kwa maoni yangu ni kinga dhaifu na ni hoja isiyopendeza: mgeni anakupa jina lake na safari yake kwa kukuamini, halafu wewe unatafuta kifungu cha kukuruhusu usijali.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Pikseli ya Nungwi iliondolewa, na fundi akaipigia simu hoteli ile kueleza yote. Wakaifuta orodha yao ya zamani na kuanza upya, maana nao walikuwa wanalipia matangazo kwa watu wasio wao. Fonti zikawekwa kwenye seva ya tovuti. Ramani ikawa picha yenye kiungo. Anayetaka ramani kamili anabonyeza mwenyewe. Video haipakiwi mpaka iguswe. Kidude cha mazungumzo kikaondoka, kikaachwa kiungo cha kawaida cha WhatsApp, ambacho ndicho wageni walichokuwa wakikitumia tangu mwanzo. Lugha ikahamishiwa kwenye anwani ya ukurasa, kila lugha na njia yake, ikawa haihitaji kuki kabisa. Fomu ya bukingi sasa inafunguka kama ukurasa kamili wa mfumo ule, na hapo kuki ya kikao ni ya mwenyeji, na iPhone inaipokea.

Baada ya hayo, tovuti ya mama yenyewe haikuwa na kuki hata moja ya kuombea ruhusa, na ule utepe tukautoa. Wapo wanaodhani kila tovuti lazima iwe nao. Utepe ni wa kuomba ridhaa kwa jambo linalohitaji ridhaa. Kuki ya lazima kwa huduma aliyoiomba mgeni mwenyewe haimo katika hilo.

Mtoto wa mama, binti aliyesoma biashara, hakukubaliana nami katika jambo moja, na hoja yake ni nzito. Alisema bila takwimu watajuaje wageni wanatoka wapi, na kama siku moja wataka kutangaza, pikseli yao wenyewe ina ubaya gani? La takwimu tulilimaliza kwa kusoma kumbukumbu za seva, ambazo zinaonyesha kurasa zilizotazamwa na tovuti zilizoleta watu, bila skripti yoyote. Kwa nyumba ya vyumba sita hiyo inatosha na kubaki. Tovuti nyingi hutumia Google Analytics, ambayo kuki yake, _ga, kwa kawaida hupangwa kuishi miaka miwili kwenye kivinjari. Ni chombo kizuri kwa mwenye watu wa kukisoma, na hapa hakuna aliyewahi kukifungua tangu kiwekwe. La tangazo nilimwambia waziwazi: ukiamua kutangaza, weka namba yenu, iingie baada ya mgeni kukubali, na kitufe cha kukataa kiwe sawa na cha kukubali kwa ukubwa na kwa rangi. Ameliweka kwenye mipango ya msimu ujao. Mama bado anasita.

Ukurasa umekuwa mwepesi sana. Pale Jambiani, ambapo jioni mtandao unavuta kwa shida, sasa picha za vyumba zinafunguka kwa bando la kawaida bila kusubiri seva za mbali zijibu.

Kwa mwenye tovuti anayesoma haya, hatua moja inatosha kuanzia. Fungua ukurasa wako kwenye kompyuta, tazama chanzo chake, yaani maandishi ya programu yanayouunda, tafuta namba za pikseli na za takwimu zilizomo, ulinganishe na zilizo kwenye akaunti zako. Namba usiyoitambua muulize fundi wako kwa utaratibu. Mara nyingi atakuwa na maelezo, na mara nyengine atashtuka kama wewe. Kisha azima iPhone, ujaribu kufanya bukingi mpaka hatua ya mwisho.

Fundi wetu amezipitia tovuti zote alizozitengeneza tangu ile ya Nungwi. Namba ile ile ameikuta kwa mwenye boti za Kizimkazi, kwenye duka la viungo la mjini, na kwenye nyumba moja ya wageni ya Pemba, karibu na Kigomasha. Anaziondoa bila malipo, akianza na zile zenye fomu.